Mkasi, Karatasi na Pembe Sita za Theluji

Mwaka 1814 kijana mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye vita dhidi ya Napoleon, alipata kazi katika makumbusho ya madini mjini Berlin. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga na kutunza mawe. Jina lake Friedrich Froebel. Mkuu wake, Profesa Christian Samuel Weiss, alikuwa mmoja wa wataalamu waliokuwa wakiweka misingi ya elimu ya fuwele, yaani elimu ya namna madini, chumvi au barafu inavyojijenga yenyewe kwa nyuso na pembe zenye kanuni. Kwa miaka miwili hivi Froebel alishinda kati ya makabati ya fuwele, na humo likamjia wazo ambalo hakuliacha hadi alipofariki mwaka 1852: kwamba kanuni inayokuza fuwele kutoka ndani kwenda nje ndiyo hiyo hiyo inayomkuza mtoto.

Kila Desemba, kuanzia Chicago hadi Moscow, watoto wa chekechea hushika mikasi yenye ncha butu, wakakata theluji ya karatasi na kuibandika madirishani. Anayetaka kujua desturi hiyo imetoka wapi inafaa aanzie kwenye makabati yale. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ya kupitishia muda tu, siku ambazo nje hakutokeki kwa baridi. Mimi siioni hivyo. Naihesabu miongoni mwa masomo bora ya maumbo ambayo mtoto wa miaka mitano amewahi kupewa, na waliolijenga somo hilo wengi wao hawakujua kwamba wanafanya kazi moja.

Froebel alianzisha kituo chake cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, Thuringia, mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina la bustani ya watoto, Kindergarten. Mtoto hakuanza kwa kukaririshwa. Alianza kwa mikono. Kwanza alipewa vile alivyoviita Froebel zawadi: mipira ya sufu, tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao. Kisha zikafuata kazi: kutoboa, kushona, kusuka vipande vya karatasi, kukunja na kukata. Katika kukata, mtoto alichukua karatasi ya mraba akaikunja mara kwa mara mpaka ikawa pembetatu ndogo yenye matabaka manane, akaikata hapa na pale, akaikunjua. Halafu likaja sharti ambalo walimu wengi wa leo wamelisahau: hakuna kutupa kitu. Vipande vyote vilivyodondoka vilirudishwa na kupangwa kulizunguka umbo la katikati, huku na huku kwa ulinganifu, mpaka mraba mzima ukawa pambo moja linalochanua kutoka kiini. Hapo aliyekuwa anafundisha ni yule kijana wa makabati ya fuwele.

Sanaa ya kukata karatasi iliyokunjwa, hata hivyo, ilikwisha kuwa kongwe alipoipokea. Katika makaburi ya Astana, karibu na Turfan huko Xinjiang, wanaakiolojia walifukua mapambo ya mviringo ya karatasi yaliyokatwa na Wachina karne ya 6, na ukavu wa jangwa ulikuwa umeyahifadhi. Ni mapambo ya kukunja na kukata, yenye ulinganifu kamili kuzunguka kitovu. China iliendelea nayo hadi yakawa ya kupambia madirisha wakati wa mwaka mpya wa jadi, ambao huangukia kipindi cha baridi, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Huko Poland, katika eneo la Kurpie, wanavijiji walikata nyota kubwa za karatasi na kuzibandika kwenye kuta za nyumba zao. Wengi walitumia mikasi ya kunyolea kondoo, maana ndiyo iliyokuwamo nyumbani.

Lakini mtoto hawezi kuachiwa karatasi aiharibu mpaka iwe rahisi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara makuukuu ya kitani na pamba, na matambara hayakutosha. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, fundi wa Saxony, alionyesha kwamba karatasi inaweza kutengenezwa kwa rojo la mbao zilizosagwa. Katika miongo iliyofuata viwanda vikaifuata njia hiyo, bei ikashuka. Bila Keller, nadhani, somo la Froebel lingebaki la watoto wa matajiri.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani za watoto mwaka 1851, ikizishuku kwamba zinapanda ukanamungu na ujamaa, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1860. Froebel alikufa ikiwa mbichi. Wakati huo huo Wajerumani walioyakimbia machafuko ya 1848 walikuwa wakihamia Marekani pamoja na mawazo yao. Margarethe Schurz alifungua chekechea ya Kijerumani nyumbani kwake Watertown, Wisconsin, mwaka 1856. Elizabeth Peabody akafungua ya Kiingereza Boston mwaka 1860. Milton Bradley, mchapishaji wa michezo wa Springfield, Massachusetts, alianza mwaka 1869 kuchapa vitabu na kutengeneza vifaa vya Froebel, zikiwamo karatasi za rangi zilizokatwa tayari kwa vipimo. Tangu hapo mwalimu aliweza kununua dukani kile ambacho Froebel alikiandaa mwenyewe.

Mpaka hapa hatujaiona theluji. Mraba uliokunjwa kwa njia ya kawaida hutoa umbo la pembe nne au nane, na theluji haina pembe nne wala nane. Sita zimeingia kwa mlango mwingine.

Msomi wa Kichina Han Ying alikwisha kuandika, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, kwamba maua ya theluji yana ncha sita. Ulaya ilichelewa. Mwanaastronomia Johannes Kepler anasimulia kwamba alikuwa akivuka daraja mjini Prague, akiwaza ampe nini cha mwaka mpya rafiki na mfadhili wake Wacker von Wackenfels, chembe za theluji zikaanguka kwenye koti lake, zote zina pembe sita. Mwaka 1611 alimpa kijitabu kinachouliza swali moja: kwa nini daima sita, si tano wala saba? Alitafuta jibu kwenye masega ya nyuki, kwenye mbegu za komamanga, kwenye namna vitu vya mviringo vinavyopangika vikibanwa pamoja, na mwishoni akakiri kwamba hajalipata. Jibu lilingoja karne ya 20, miale ya eksirei ilipofichua kwamba molekuli za maji zinapoganda hushikana kwa pete za sita sita. Huko Japani, bwana wa Koga, Doi Toshitsura, alizitazama theluji kwa hadubini na mwaka 1832 akachapisha michoro yake 86. Wajapani wakaipenda mno, na punde maumbo hayo yakaonekana kwenye nguo na vyombo.

Hata hivyo, picha ya theluji iliyomo vichwani mwetu leo imetokana zaidi na mkulima mmoja. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemsomesha nyumbani, na ndiye aliyempa hadubini alipokuwa na miaka 15. Baba alitaka kijana wa kukamua ng'ombe na hakuona maana ya kuchungulia theluji. Hata hivyo fedha za kamera zilitoka kwake. Bentley aliiunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akapata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji. Alifanya kazi kwenye kibanda kisicho na moto. Theluji aliipokea kwenye ubao mweusi, akaidokoa chembe moja kwa kijiti chembamba, akaiweka kwenye kioo na kuilaza kwa unyoya, pumzi ameibana isije ikayeyuka. Kwa zaidi ya miaka 40 alipiga picha zaidi ya 5,000.

Kuna jambo katika kazi yake ambalo halitajwi sana, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Picha zake zilitoka nyeupe juu ya weupe, ukingo wa chembe hauonekani vizuri. Basi Bentley alichukua nakala ya kila negativu, akashika kisu kidogo, akakwangua utando wa picha kuifuata kila kona ya chembe, ili mandhari itoke nyeusi tititi. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na wataalamu wa Ujerumani walimlaumu kwa hilo. Zaidi ya hayo, alizichagua zilizo kamili. Theluji nyingi huanguka zikiwa zimevunjika, zimegandamana au zimekua upande mmoja. Kwa hiyo ile nyota nyeupe kamilifu inayojulikana duniani kote ilikwisha pita kwenye makali ya mkono wa mtu kabla haijafika darasani. Bentley aliuza picha hizo kwenye vioo kwa senti 5 kimoja, wanunuzi wakiwa vyuo, shule na wabunifu wa mapambo. Kitabu chake chenye picha zaidi ya 2,400 kilitoka mwaka 1931. Desemba hiyo hiyo alitembea kwa miguu katikati ya dhoruba ya theluji, akaugua nimonia na kufariki tarehe 23.

Tarehe 12 Machi 1936, katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alifanikiwa kuotesha chembe ya theluji maabara, kwenye ncha ya unywele wa sungura. Aligundua kwamba umbo hufuata joto na unyevu wa mawingu: karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea nyota zenye matawi, karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri hutokea sindano. Matawi sita ya chembe moja hufanana kwa sababu yote yamepita katika hewa ile ile kwa wakati ule ule. Mtoto akikata matabaka 12 kwa pigo moja la mkasi anafanya jambo la jinsi hiyo, ndiyo maana nasema somo hili ni la kweli.

Ila ni la kweli pale tu karatasi inapokunjwa sawasawa. Walimu wengi hukunja nusu, nusu tena, kisha nusu kwa mshazari, na mtoto anapata pambo zuri lisilo theluji. Familia za Kikongo na za Kitanzania zilizohamia Minneapolis au Toronto hupokea mapambo hayo kwenye mikoba ya watoto kila majira ya baridi; na zihesabu ncha zake. Njia ya sita si ngumu. Chukua mraba, ukunje kona kwa kona upate pembetatu. Tafuta katikati ya upande mrefu, na kutoka hapo kunja mkono mmoja juu ya mwingine ili pembe igawanyike sehemu tatu sawa. Kunja tena katikati, kata ncha zilizozidi. Umeshika kabari ya nyuzi 30, na kila utakachokitoboa kitajirudia pande zote. Afadhali mtoto aikate kombo kwa mkono wake kuliko kupewa iliyokwisha kukatwa kiwandani apake gundi tu.

Wepesi wa kazi hii ndio ulioibebesha uzito mwaka 2012. Tarehe 14 Desemba mtu mwenye bunduki aliwaua watoto 20 na watu wazima 6 katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, Newtown, jimbo la Connecticut. Watoto waliosalia walitafutiwa jengo katika mji jirani wa Monroe, na chama cha wazazi na walimu cha jimbo kikawaomba watu wakate theluji za karatasi za kulipambia kabla hawajarudi masomoni. Lilikuwa ombi ambalo mtoto yeyote, wa nchi yoyote, angeweza kulitimiza kwa karatasi na mkasi alivyonavyo. Zikaja kutoka majimbo yote na kutoka nje ya Marekani, masanduku kwa masanduku, nyingine zikiwa zimekatwa na watoto ambao hawajawahi kuona theluji. Masomo yalianza tena tarehe 3 Januari 2013, na mwezi huo huo chama kikawashukuru watu na kuwaomba wasitume tena, kwa kuwa hapakuwa na pa kuziweka.