Elektroni Iliyoishinda Hesabu

Sekondari tulikariri kanuni ya Coulomb, tukaimwaga kwenye karatasi ya mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani yake kuna swali lililowasumbua wanafizikia miongo na miongo: chaji ikikaa peke yake, nishati yake iko wapi?

Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alikataa kuamini kwamba nafasi inayoizunguka chaji ni tupu. Yeye aliiona imejaa mistari ya nguvu. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell akaandika kwamba nishati imo katika uga wenyewe. Kujua msongamano wake mahali fulani, chukua nguvu ya uga hapo, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa namba isiyobadilika. Rahisi, sivyo?

Hebu tuisogelee chaji. Umbali ukipungua nusu, uga unakuwa mara 4, na msongamano wa nishati mara 16. Ukijumlisha nishati yote kuanzia umbali huo kwenda nje, inaongezeka maradufu kila ukikata nusu. Sasa, mwaka 1897 J. J. Thomson akaitambua elektroni. Kama ni nukta isiyo na upana, utakata nusu milele na jumla haitakuwa na kikomo. Na kwa kuwa nishati ina masi, elektroni moja ingekuwa nzito kupita kiasi. Ilhali ukiipima maabarani ni nyepesi ajabu!

Max Abraham na Hendrik Lorentz wakaifanya tufe dogo. Lakini wapi! Chaji za aina moja husukumana. Nini kinazuia tufe hilo lisipasuke?

Miaka ya 1940 Tomonaga, Schwinger na Feynman walipata njia: masi usiitafute kwa hesabu, ichukue ile iliyopimwa, na zile jumla zisizo na kikomo zimezwe humo. Majibu yalilingana na vipimo vizuri mno, na mwaka 1965 wakapewa Nobel. Paul Dirac, mmoja wa waasisi wa fizikia hiyohiyo, hakuridhika hadi alipofariki mwaka 1984.

Mimi namwelewa Dirac. Hesabu inayofanya kazi naiheshimu, simu yangu inaitegemea. Ila kuzunguka shimo barabarani si kulifukia, na shimo hili liko palepale elektroni ilipo.