Land Cruiser kuukuu inavuja mafuta: tafuta chanzo kabla ya kushusha giaboksi

Kwenye barabara za Kinango, Ganze na Garsen, pikapu ya Land Cruiser ya miaka ya 90 bado ndiyo inayobeba mbuzi, magunia ya mahindi na wagonjwa. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, huvumilia mengi. Kinachowasumbua wenye magari haya ni matone chini ya tumbo la gari, na maneno ya gereji yanayofuata: "Mzee, hapa ni kushusha giaboksi tu." Nimelala chini ya magari haya miaka mingi. Naona watu wakilipia kazi kubwa kwa ugonjwa mdogo, na wengine wakipuuza unyevu kidogo kwenye gurudumu ambao ungeweza kuwaua mteremkoni.

Mahali tone linapoangukia si lazima pawe ndipo lilipotoka. Gari likitembea, upepo huyasukuma mafuta nyuma, nayo mafuta hufuata chuma mpaka sehemu ya chini kabisa. Kifuniko cha juu cha injini kikivuja kwa nyuma, mafuta huteremka mgongoni mwa injini na kudondokea pale inapoungana na giaboksi. Ukitazama kutoka chini utailaumu giaboksi bure. Kwa hiyo safisha kwanza: brashi na dizeli kidogo, kisha maji ya sabuni, na usielekeze mashine ya presha moja kwa moja kwenye sili. Pakishakauka, paka poda ya mtoto sehemu unazozishuku, endesha kilomita kumi hivi, halafu rudi chini na tochi. Poda itaonyesha mstari wa mafuta kuanzia ulikoanzia. Tazama kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbele kwenda nyuma.

Kisha jua ni mafuta gani. Yasugue kwa vidole, uyanuse. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi kama masizi. Ya giaboksi na difu ni nzito, ya rangi ya asali au kahawia, na ina harufu kali ya kiberiti inayobaki mkononi hata ukinawa. Ya breki na klachi ni nyepesi kama maji, na hula rangi ya gari. Tofauti hii ndiyo inayoamua kesi ya lile tundu dogo chini ya nyumba ya klachi: kama ni nyeusi, tazama sili ya nyuma ya injini, kama inanuka kiberiti, ni sili ya mbele ya giaboksi. Zote mbili zinahitaji giaboksi ishuke, lakini angalau utajua unachonunua. Na kama kazi imefika hapo, badilisha zote mbili kwa mara moja, maana gharama iko kwenye kushusha na kupandisha.

Baada ya hapo pima viwango, gari likiwa limepoa na limesimama sawasawa. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, siku zote. Ukishamwaga mafuta yote halafu ukakuta nati ya juu imeshikwa na kutu, gari haliondoki hapo. Mafuta yanatakiwa yafike ukingo wa chini wa tundu, ingiza kidole.

Hapa ndipo kuna uvujaji ambao haudondoki kabisa. Transfa imefungwa mgongoni mwa giaboksi, na kati yake kuna sili. Ikichoka, mafuta huhama kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukikuta transfa imepungua na giaboksi inafurika ukifungua nati, au kinyume chake, usiongeze mafuta na kwenda zako. Chumba kilichokauka kinaunguza beringi, na giaboksi iliyojaa kupita kiasi inaweza kusukuma mafuta mbele mpaka kwenye klachi. Mwenye gari ataambiwa klachi imekwisha, abadilishe, na baada ya muda iteleze tena.

Mbele, tazama lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Ndani yake panatakiwa grisi tu. Supu nyeusi ikitiririka upande wa ndani wa tairi, maana yake mafuta ya difu yamepita sili iliyo mwishoni mwa ekseli na kuiyeyusha grisi. Mafundi wengi hubadilisha ule ukanda wa kufutia unaoonekana nje. Huo ni wa kuzuia vumbi na matope, hauzuii mafuta ya difu. Sili yenyewe iko ndani, na lazima gurudumu na habu zifunguliwe.

Propela inapoingia kwenye difu, usianze na sili. Shika flenji, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimelegea, na sili mpya haitakaa. Kama haichezi, angalia kama sili ya zamani imechimba mfereji kwenye chuma, na weka alama kwenye nati kabla ya kuifungua, kwa kuwa mkazo wake unahusika na beringi.

Gurudumu la nyuma ndilo nisilolifanyia mzaha. Sili ya habu ikipasuka, mafuta ya difu huingia ndani ya ngoma na kulowesha breki. Gari linavuta upande mmoja ukifunga, au halishiki kabisa ukiwa umebeba mzigo. Ukiona unyevu upande wa ndani wa tairi la nyuma, fungua ngoma siku hiyo hiyo. Mafuta mepesi yasiyonuka kiberiti ni ya silinda ya breki, na kopo la breki litakuwa limepungua. Vyovyote iwavyo, breki zilizolowa hutupwa. Kuziosha kwa petroli au kuzichoma hakuzirudishi.

Kabla ya kununua sili yoyote ya difu, kagua bomba la kupumulia juu ya ekseli. Huku kwetu mchanga na matope huliziba. Difu likipata moto hewa hupanuka, na ikikosa pa kutokea husukuma mafuta kupitia sili nzima kabisa. Kinyume chake hutokea ukiingia kwenye maji ya mafuriko ya Tana na difu likiwa moto: hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji ndani. Mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yamwagwe upesi, kabla kutu haijashika beringi. Bomba jipya refu, lililofungwa juu karibu na bodi, huzuia yote mawili, na ni kazi ya nusu saa kwa spana na klipu mbili.