Kifaransa na Kijapani katika Masomo ya Chuo Kikuu: Mahitaji ya Mwanahistoria wa Heru na Mkoa wa Kigoma

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma Kifaransa na Kijapani kwa wakati mmoja huulizwa mara kwa mara lugha hizo mbili zinakutania wapi. Jibu la kawaida huwa la ajira: utalii, ukalimani na ubalozi. Insha hii inatoa jibu la kihistoria. Inadai kwamba lugha hizo zimekutana mkoani Kigoma, na kwamba mtafiti anayetaka kuandika historia ya Heru na uhusiano wake na Ziwa Tanganyika hulazimika kuzisoma zote mbili. Hoja hii inajengwa kwa kuangalia ni nani aliyeandika kuhusu eneo hili, kwa lugha gani, na maandishi hayo yameathiri vipi namna tunavyolielewa.

2. Nyanda za juu na maandishi ya Kifaransa

Heru Juu, iliyoko Kasulu, ilikuwa makao ya Mwami wa Heru, mmojawapo wa watawala wa Buha. Katika miaka ya 1950 kiti hicho kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare, aliyekuwa pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963. Sehemu hii ya historia inasomeka kwa Kiingereza, kwa kuwa nyaraka zake ni za utawala wa Waingereza.

Hata hivyo, Waingereza hawakuwa wa kwanza kuupokea mkoa huu kutoka kwa Wajerumani. Majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Kigoma mwaka 1916, na utawala wao ulidumu hadi mwaka 1921. Katika miaka hiyo ripoti za kiserikali ziliandikwa kwa Kifaransa. Hata baada ya kuondoka, Ubelgiji ilibakiza haki zake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa mkataba wa mwaka 1921.

Kundi la pili la waandishi ni Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868, na mapadre wa kwanza waliwasili Ujiji mwaka 1879. Kila kituo kilitakiwa kuwa na shajara, na Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya shirika, hata kwa mapadre wasio Wafaransa. Mfano ulio wazi ni Johannes van Sambeek, Mholanzi aliyekuwa askofu wa Kigoma. Yeye aliandika muhtasari wake wa historia ya Buha kwa Kifaransa.

Kifaransa hakikuishia kwenye kumbukumbu. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imehifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na watoto wao wamesoma kwa mtaala wa kwao, unaofundishwa kwa Kifaransa. Warundi walioingia kuanzia mwaka 2015, wakiwamo waliopelekwa Nduta, Kibondo, nao walikuja na Kifaransa cha shule. Kwa hiyo, lugha ambayo mtafiti wa Buha huifuata Brussels na Roma imesomwa na vijana walio Kasulu, wilaya iliko Heru Juu.

3. Ufuko wa ziwa na maandishi ya Kijapani

Wajapani waliingia mkoani kwa mlango mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakiongozwa na Kinji Imanishi na Junichiro Itani walifika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika kuchunguza sokwe. Mwaka 1965 Toshisada Nishida alianza kazi katika milima ya Mahale, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Uchunguzi huo haukubaki kwa wanyama. Itani na Makoto Kakeya waliandika kuhusu maisha ya Watongwe, na Shun'ya Hino alichunguza jamii ya Waswahili wa Ujiji, ambapo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1968.

Inaweza kupingwa kwamba kazi muhimu za watafiti hao zipo kwa Kiingereza, hivyo Kijapani si cha lazima. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini nusu tu. Kilichoandikwa kwa Kiingereza kilimlenga msomaji wa kimataifa. Wajapani waliandika pia kwa ajili ya wasomaji wao wenyewe, na ni katika lugha hiyo walipojadiliana wao kwa wao kuhusu walichokiona. Anayesoma Kiingereza pekee huyapata mahitimisho bila kuisikia mijadala iliyoyazaa.

4. Lugha mbili na tatizo la majina

Ulazima wa kuzisoma pamoja unaonekana wazi katika majina ya mahali. Wafaransa wa karne ya 19 waliiandika sauti ya «u» kwa herufi mbili, «ou». Ujiji ikawa Oudjidji, na Uha ikawa Ouha. Mtafiti anayetafuta chini ya herufi U katika faharasa zao hatakipata anachokitafuta. Kijapani kina tatizo lake: hakitofautishi «l» na «r», hivyo mto Luiche na mto Ruiche huandikwa kwa namna moja, na vivyo hivyo Heru na Helu.

Tatizo la dhana ni zito zaidi. Katika Buha, umuteko ni mwenye mamlaka ya kimila juu ya ardhi, tofauti na mtware aliyemwakilisha Mwami. Kifaransa humwita «chifu wa ardhi», tafsiri inayomgeuza kuwa mtawala mdogo wa kisiasa na kufifisha upande wake wa ibada. Huko Ujiji nako, neno «Mswahili» alilolichunguza Hino halikutaja kabila, bali hadhi na mwenendo wa maisha ya mji. Ili kuyapima maandishi hayo, mtafiti anahitaji lugha ya mwandishi, na kabla ya hiyo anahitaji Kiha na Kiswahili, kwa kuwa taarifa zilitolewa kwanza kwa lugha hizo.

Hapa ndipo hoja kuu ilipo. Kwa sehemu kubwa, Kifaransa kiliandika nyanda za juu na wafalme wake, na Kijapani kikaandika ufuko, misitu na mji wa Ujiji. Watu wenyewe hawakuishi kwa mgawanyo huo. Waha walishuka Ujiji kufanya biashara, na chumvi ya Uvinza ilipanda na kushuka. Anayejua lugha moja kati ya hizo huona upande mmoja, na ni rahisi akadhani kwamba ameona nchi nzima.

5. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimefundisha Kifaransa na Kijapani, na ndivyo pia Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya. Nafasi ya kuziunganisha, basi, ipo. Kinachokosekana ni kuzihusisha na idara za historia, ili mwanafunzi wa lugha afundishwe kusoma shajara na ripoti za uwandani, na mwanafunzi wa historia asisubiri shahada ya uzamivu ndipo aanze alfabeti. Vijana waliosoma kwa Kifaransa kambini nao wafikiriwe kama wasomaji na wafasiri wa nyaraka hizi. Bila hatua hizo, mzee wa Heru Juu atabaki kuwa mtoa taarifa wa historia ambayo wajukuu wake hawawezi kuisoma.