Uwanja wa Majimaji: Historia Fupi ya Nyumba ya Wanalizombe

Mwaka 1986 haukuwa mwaka mzuri Kariakoo. Tukuyu Stars, timu iliyotoka wilaya ya Rungwe, ilibeba ubingwa wa Tanzania Bara. Majimaji ya Songea nayo ikatwaa Ligi ya Muungano, ile iliyowakutanisha vinara wa Bara na wa Zanzibar, na hiyo ilikuwa mara ya pili mfululizo baada ya ile ya 1985. Simba na Yanga walibaki kuulizana kulikoni. Makombe mawili makubwa ya nchi yalikuwa yamepanda Nyanda za Juu Kusini, na moja kati yake lilikwenda kwenye mji ambao mashabiki wengi wa Dar es Salaam hawakuwahi kuukanyaga.

Huwezi kueleza ubingwa huo wa Songea bila kuutaja Uwanja wa Majimaji. Wazee wa Songea wakiulizwa habari zake huanza na jina la Dk. Lawrence Gama, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Ruvuma. Wakati ule mkuu wa mkoa alikuwa serikali na chama kwa pamoja, na Gama alikuwa na sifa moja ambayo si kila kiongozi anayo: aliupenda mpira kwa dhati, na akaichukulia timu ya mkoa kama kazi ya mkoa. Uwanja ukajengwa na timu ikajengwa.

Mikoa mingine nayo ilikuwa ikifanya hivyo hivyo. Mwanza ilipata Kirumba, Mbeya ina Sokoine, Iringa ina Samora, Shinyanga ina Kambarage, Tabora ina Ali Hassan Mwinyi. Tazama majina hayo: karibu yote ni ya viongozi. Songea ilichagua jina la vita, tena vita ambavyo mji wenyewe ulishindwa na kulipa kwa damu. Moto wa Majimaji uliwaka kwanza Umatumbini, Julai 1905, dawa ya maji ya Kinjekitile Ngwale ikasafiri hadi kwa Wangoni wa Songea, na Wajerumani wakalipiza kwa risasi na kwa njaa. Tarehe 27 Februari 1906, mashujaa 67 walinyongwa Songea na kufukiwa kwenye kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa na kuzikwa peke yake. Makaburi hayo yapo Mahenge, hapo hapo mjini, penye Makumbusho ya Majimaji, na ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja kuomba radhi Novemba 2023.

Kwa hiyo shabiki wa Songea anapopiga kelele “Majimaji!” anaita jina la babu zake. Mgeni anaweza kudhani ni mbwembwe za mpira tu. Mimi naona ndilo jina lililochaguliwa vizuri kuliko yote katika viwanja vyetu vya mikoani, kwa sababu halimtukuzi mtu mmoja. Na timu ilipohitaji jina la utani, haikwenda kutafuta simba wala tai; ilichukua lizombe, ngoma ya Wangoni, na wachezaji wakawa Wanalizombe.

Miaka ya mwanzo, silaha ya kwanza ya uwanja huu ilikuwa umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilomita 1,000. Kabla ya lami ya Makambako hadi Songea kukamilika katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, mvua zikishaanza huku kusini, na mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, basi la abiria lingeweza kulala milima ya Lukumburu likisubiri tope likauke. Timu ya Pwani ilifika miguu imevimba. Ikishuka garini inakutana na baridi ya mji uliokaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Halafu mpira unaanza, upande wa mzunguko kumejaa watu waliosimama tangu saa sita, ngoma hazinyamazi, na mbele yako anakimbia Celestine “Sikinde” Mbunga, mshambuliaji ambaye mabeki wa enzi zake hawakupenda kumwona akipata nafasi ya kugeuka. Sare Songea ilikuwa matokeo ya kujivunia.

Lami ilipofika, umbali ukapungua makali, lakini pia ikaleta kitu kingine: wapinzani wakubwa wakawa wanakuja kwa uhakika, ratiba ikaheshimika, na siku ya mechi ikawa siku ya soko. Watu walishuka kutoka Mbinga na Namtumbo. Uwanja unaotajwa kuingiza watu wapatao 30,000 si mdogo hata kwa mji wa leo. Kwa Songea ya wakati ule ilikuwa kama kujenga mji mwingine ndani ya mji.

Kombe la tatu la Muungano lilikuja 1998, na kwa kweli ndilo lililofunga ukurasa. Baada ya hapo hadithi ni ya kupanda na kushuka. Majimaji ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2010/11, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikashuka tena 2017/18 pamoja na Njombe Mji, na tangu hapo haijarejea. Sababu ni zile zile zilizoziua timu nyingi za mikoa: enzi ambayo mkuu wa mkoa angeweza kuamuru timu ipate nauli ilikwisha, wafadhili wa kudumu hawakupatikana, na mpira ukawa wa pesa.

Uwanja ulibaki, na uko mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya mikoa vilivyojengwa wakati wa chama kimoja. Tangu vyama vingi vianze mwaka 1992 watu wameuliza mara nyingi kwa nini mali zilizojengwa kwa michango na nguvu za wananchi wote zibaki na chama kimoja. Wengine hujibu kwamba bila chama pengine vingeshageuzwa viwanja vya nyumba. Hoja zote mbili zina mashiko, ila mchezaji anayeteleza kwenye sehemu yenye kipara haulizi hati ina jina la nani. Anataka nyasi.

Na hapo pana jambo ambalo takwimu za ligi hazilionyeshi. Hata ulipokosa Ligi Kuu, uwanja huu haukukosa watu. Ndio ukumbi mkubwa wa mkoa. Mikutano ya kampeni, gwaride, mashindano ya shule, vyote huishia hapo. Tarehe 23 Septemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Uwanja wa Majimaji kwenye kilele cha Tamasha la tatu la Kitaifa la Utamaduni, na ngoma za makabila ya nchi nzima zikapigwa mahali ambapo lizombe ilizoea kupigwa peke yake. Desemba mwaka huo huo, maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Ukimwi Duniani yakafanyika hapo hapo.

Mpira nao haujahama. Msimu wa 2024/25 mji ulikuwa na timu nyingine, Songea United, kwenye Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Haina makombe ya 1985, 1986 na 1998, na haina jina la vita, lakini ilikuwa na nafasi ambayo Wanalizombe wameikosa tangu 2018: kuwarudisha Simba na Yanga Songea kwa mechi ya ligi.