Kupima Jicho kwa Herufi

Kwa karne nyingi mtu aliyepungukiwa na macho alichagua miwani kama achaguavyo viatu sokoni: anavaa, anavua, anajaribu nyingine, mpaka apate inayomridhisha. Miwani yenyewe ilianza Italia yapata mwaka 1286. Tunajua hivyo kwa sababu mtawa mmoja, Giordano wa Pisa, alipohubiri mjini Florence mwaka 1306, alisema kwamba haijatimia miaka ishirini tangu ufundi huo ugunduliwe. Ilikuwa lenzi nene katikati, ya kuwasaidia wazee kusoma. Lenzi nyembamba katikati, imfaayo asiyeona mbali, ilikuja katika karne ya 15. Na haikueleweka vizuri kwa nini zinasaidia mpaka mwaka 1604, Johannes Kepler alipoeleza kwamba sura ya kitu hujichora nyuma ya jicho, kwenye retina. Kumbe watu walivaa miwani miaka mia tatu bila kujua inavyofanya kazi!

Kilichokosekana ni kipimo. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, aitwaye Herman Snellen, alitoa chati ya herufi zinazopungua ukubwa kwa hesabu maalumu. Ukiambiwa jicho lako ni 6/60, maana yake ukiwa umbali wa mita 6 unasoma herufi ambayo jicho zima lingeisoma kutoka mita 60. Jicho zima ni 6/6. Tangu hapo daktari wa Utrecht na mpima macho wa Moshi wakaweza kuzungumza lugha moja. Mpima macho, msomaji wangu, si muuza miwani tu, wala si daktari wa upasuaji. Humulika jicho na kutazama nuru inavyorudi, hubadilisha lenzi moja baada ya nyingine akiuliza ipi ni safi zaidi, na akiona dalili za mtoto wa jicho au presha ya macho humpeleka mgonjwa kwa daktari.

Mwaka 1993, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo aliyelalamikiwa na wakufunzi kwa mambo mawili: kwamba hunakili daftari la jirani badala ya ubao, na kwamba hana adabu, hupita mbele ya wakubwa bila kuwaamkia. La pili ndilo lililokuwa zito. Mwalimu mtarajiwa asiyetoa shikamoo atafundisha nini? Barua ya kumsimamisha masomo ilikwisha kuandikwa, ikingoja sahihi yangu. Nilipomwita ofisini alisimama kimya mlangoni mpaka nilipokohoa. Hapo hapo akatoa shikamoo yenye heshima zote. Nikaiweka kalamu chini, nikamtuma hospitali.

Hakuweza kusoma hata herufi ya juu kabisa mpaka aliposogezwa karibu. Alipowekewa lenzi alisoma karibu mistari yote. Miaka yote hiyo alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa mwendo, naye alidhani kila mtu huona hivyo. Ndiyo shida ya macho yaliyoanza kuharibika utotoni: mwenyewe hana cha kulinganisha, basi halalamiki. Barua ilichanwa.

Wakufunzi nao walikuwa na yao. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kitabu huanza kusukumwa mbali. Hili halimwachi mtu. Wengi wetu tulirithi miwani ya marehemu fulani, kama mtu arithivyo koti, tukasahihisha mitihani huku kichwa kinauma. Miwani isiyokufaa haiharibu macho ya mtu mzima, ila inamchosha bure.

Kwa watoto wa darasa la kwanza, wasiojua kusoma, ipo chati yenye herufi E peke yake, imegeuzwa huku na huku. Mtoto huonyesha kwa vidole miguu yake inakoelekea. Mwalimu yeyote aweza kuitumia. Apime mita 6 kwa kamba wala asikisie, na chati iwe mahali penye mwanga wa kutosha. Kila jicho lisome peke yake, jingine likifunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza. Maana mtoto akiachwa atazame kwa yote mawili, atasoma kwa lile zuri, na lile bovu halitajulikana.