Sheria Inapoishia Mlangoni: Ufikivu wa Makazi Bukoba na Muleba

Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilibomoa na kupasua maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaeleza wananchi wa mkoa huo kwamba Serikali haitawajengea nyumba. Nguvu ilielekezwa kwenye majengo ya umma, Shule ya Sekondari Ihungo ikiwamo. Uamuzi huo umejadiliwa sana kisiasa. Mimi nauona pia kama kipimo cha sheria yetu ya ulemavu, kwa kuwa uliiacha nyumba ya mtu mahali ambapo sheria hiyo haifiki.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ilitungwa baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kuhusu ufikivu, mkazo wake uko kwenye majengo yanayotumiwa na umma. Mkataba wenyewe, Ibara ya 28, unapogusa makazi unataja programu za nyumba za umma. Kwa mkulima wa Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, programu hizo ni hadithi. Anajenga mwenyewe kwenye kibanja chake, kidogo kidogo fedha ya kahawa ikipatikana, na ramani ya nyumba imo kichwani mwa fundi.

Fundi huyo huinua msingi, na ana sababu. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sakafu ya chini hulowa. Lakini msingi wa sentimita 60 ukifuata kipimo kinachotumika sana cha mteremko, yaani moja kwa kumi na mbili, unadai njia ya mita 7.2. Nani ana ua wa kuipokea, na saruji ya kuimwaga? Kudai kipimo hicho bila kutazama ardhi ni kumtoza maskini faini. Ardhi yenyewe ina jibu: nyumba nyingi za Muleba zimekaa ubavuni mwa kilima, na upande wa juu sakafu hukaribiana na ardhi. Mlango mpana ukiwekwa upande huo, na mtaro wa kukinga maji ukachimbwa nyuma yake, njia hupungua kuwa hatua chache. (Msonge wa zamani haukuwa na ngazi, ni kweli, ila mlango wake wa kuinama na giza lake havinishawishi turudi huko.)

Hata hivyo, mlango si tatizo kubwa kuliko choo. Choo cha shimo hukaa mbali, nyuma ya migomba, njia yake ina utelezi, na kukitumia kunataka kuchuchumaa. Asiyeona hukifikia kwa kumbukumbu ya miguu. Mwenye kitimwendo hakifikii, hungoja abebwe. Na wa kumbeba mara nyingi hayupo. Sababu mojawapo ni UKIMWI: wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Hospitali ya Ndolage, Muleba, mwaka 1983, na gonjwa hilo lilichukua kizazi cha kati. Mabibi wengi wakabaki na wajukuu. Ndiyo hali iliyozaa shirika la Kwa Wazee, lililoanza Nshamba mwaka 2003 kwa kuwapa wazee pensheni. Bibi anayepoteza macho au magoti hajiiti mlemavu, wala hajiandikishi popote, lakini choo kinamshinda vilevile.

Watasema gharama. Kupanua mlango hadi sentimita 90 kabla ukuta haujapanda kunaongeza mbao kidogo na kupunguza tofali. Kuubomoa baadaye ndiko kunakouma. Kwa hiyo mzigo usipelekwe kwenye kibali cha ujenzi, ambacho kijijini wachache hukiomba. Upelekwe kwa mafundi, na kwenye misaada ya maafa: bati na saruji zikigawiwa, ziambatane na fundi aliyefunzwa na mchoro wa choo chenye kiti na mshikio, bila kuuliza kwanza nani ana kitambulisho cha ulemavu.