Dukka, na jina ambalo halikuandikwa

Wadau, jana usiku nilikaanga ufuta na giligilani bila mafuta, nikatwanga pamoja na bizari nyembamba, pilipili manga na chumvi. Nikachovya mkate. Hiyo ndiyo dukka ya Misri. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu la kutwanga.

Mwaka 1836 Mwingereza Edward Lane, aliyewahi kuishi Cairo, alichapisha kitabu akieleza kwamba wasiomudu anasa mara nyingi walikula mkate na dukka tu. Viungo alivitaja kimoja kimoja. Aliyetwanga hakumtaja.

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Wiki iliyopita niliandika habari ya bei za sokoni: mchele, maharage, mafuta, vyote vimo. Jina la mama muuzaji hata mmoja halimo. Kesho narudi sokoni na daftari.